Hukumu Haichimbi Kaburi

Kila mtu kijijini alijua kwamba Erasto hakuiba ng'ombe wa Vincent. Hata Vincent mwenyewe alijua. Erasto alikuwa Msabato wa kurithi kwa baba yake na kuongezea, mtu ambaye akiokota panga njiani atazunguka nalo wiki nzima akiuliza nani kalidondosha, mpaka watu wanamkimbia. Mwizi wa ng'ombe ana miguu myepesi na maneno mengi. Erasto alikuwa na miguu mizito na maneno machache, na mengi katika hayo machache yalikuwa "hapana".

Lakini ng'ombe kumi na wawili hawafungui zizi wenyewe, kwa hiyo ritongo likaitwa. Ritongo ni baraza la wanaume wote wenye nyumba zao. Huku upande wa Mbalibali lilikuwepo kabla ya mkoloni, likamwona akija na likamwona akifungasha. Mzee Nyamhanga aliyeliongoza akalaza mkuki wa marehemu baba yake chini, mbele ya zizi tupu la Vincent, na kila mwenye nyumba akatakiwa auruke huku akisema kwamba hajui ng'ombe waliko wala aliyewachukua. Akidanganya, nyumba yake ifungwe, asibaki wa kuwasha moto ndani yake.

Watu waliruka. Wakatoliki waliruka na rozari shingoni. Mlokole mmoja aliruka huku akinena kwa lugha, ili mkuki na Roho Mtakatifu wote waridhike. Mwalimu mkuu aliruka na viatu vyake vya kazini. Wasabato wengine sita wa pale kijijini waliruka pia, na Sabato iliyofuata wakatubu kanisani, wakasamehewa, wakaenda kula. Wajane nao waliitwa mwishoni, maana nyumba isiyo na mume inaapiwa na mwanamke wake. Bernadetha, aliyekuwa mjane tangu zamani, aliruka akiwa ameshika gongo lake la kutembelea.

Ilipofika zamu ya Erasto, alisimama mbele ya mkuki akasema, "Sijui ng'ombe waliko. Nimeshasema. Ila sitaapa kwa mizimu."

"Hatukuulizi kama umeiba, mura," Mzee Nyamhanga alimwambia kwa upole. "Tunakuuliza kama uko pamoja nasi."

"Niko pamoja nanyi. Mkuki siuruki."

Mkataa wengi mchawi, ndivyo watu wanavyosema, na siku hiyo hiyo Erasto alitengwa. Mtu asiyejua kutengwa anaweza kudhani ni kununiwa tu. Eunice, mke wa Erasto, alijifunza maana yake kisimani. Alipofika na ndoo yake, wanawake waliokuwa wanacheka waliacha kucheka, wakateka haraka, wakaondoka bila kumtazama, hata wale walioimba naye kwaya. Mashine ya kusaga ikawa haina mafuta kila anapofika na debe lake, na ikipata mafuta mara tu anapoondoka. Watoto wake watatu walikaa dawati moja peke yao. Eunice alikuwa mwanamke wa maneno na vicheko, mtu wa kusimama njiani na kapu kichwani hadi mboga zinyauke. Kwake ule ukimya ulikuwa ugonjwa, na alimchukia mumewe kidogo kila jioni, kisha asubuhi akajuta.

Aliyeumia kuliko wote ni Bibi Ghati, mama yake Erasto. Bibi huyu alikuwa ameukataa ubatizo wa Wakatoliki, wa Wamennonite na wa Wasabato, wote kwa usawa na bila upendeleo. Aliamini watu. Kila siku ya maisha yake pale uani palikuwa na mtu aliyekuja kuomba chumvi akakaa hadi jioni, na Bernadetha, mwenzake wa rika, alikuja kila asubuhi kuvuta naye ugoro. Sasa Bernadetha alipita njiani nyuma ya uzio, akakohoa mara mbili, na Bibi Ghati naye akakohoa mara mbili kutoka ndani, na hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo na marahaba na habari za nyumbani.

Mwaka wa kwanza wa kutengwa haujaisha, miguu ya Bibi ikavimba. Siku moja alimwita Eunice akaketi karibu na kitanda.

"Mwanangu ana Mungu wake," alisema, "na mimi nina watu wangu. Nikifa, watu wangu ndio wanizike. Sitaki kuchimbiwa na wageni. Na Erasto asinichimbie mwenyewe, kama mtu anayefukia mbwa. Nakuambia wewe kwa sababu yeye ataniuliza imeandikwa wapi."

"Nimesikia, mama."

"Usisikie. Niahidi."

Eunice aliahidi. Bibi akamtemea mate ya baraka viganjani, na neno likawa limefungwa.

Kumwambia mumewe aruke mkuki alikwisha kumwambia, tena mara nyingi. Alimwambia kwa machozi, akamwambia kwa hasira, akamwambia akiwa amempikia kuku. Erasto alimsikiliza kila mara hadi mwisho, kwa heshima, kisha akasema hapana. Hakuwa mtu mbaya. Hapo ndipo shida ilipokuwa, maana mtu mbaya unaweza kumwacha na dhamiri yako ikalala usingizi.

Habari za kwenda mahakamani zililetwa na Sadick, fundi bati wa Mugumu. Baba yake Sadick alitoka Tanga akalowea huku, na Sadick mwenyewe alizaliwa Mugumu, akajua Kikurya kuliko Wakurya wengine wa mjini. Tangu majirani waache kununua mahindi ya Erasto, yeye ndiye aliyekuja na pikipiki ya miguu mitatu kuyachukua.

"Ndugu Erasto, nchi hii ina Katiba," alisema siku moja akifunga magunia. "Ibara ya kumi na tisa. Mtu halazimishwi mambo ya dini. Ndiyo hiyo inayoniruhusu mimi kuswali, na wewe kulala Jumamosi."

"Silali. Nasali."

"Basi kusali. Kuna wakili namfahamu, wa shirika la msaada wa sheria. Nenda ukamwone."

Erasto alikwenda. Shauri lilifunguliwa Mahakama Kuu, Musoma, likachukua mwaka mmoja na miezi miwili. Eunice alimwona mumewe akibadilika katika muda huo. Mtu wa maneno machache akawa anasema "mlalamikiwa wa pili" na "kwa mujibu wa" mezani, mbele ya ugali. Alianza kuamini kwamba huko Musoma kuna mahali ambapo mambo yananyooshwa, na yakinyooshwa kule yananyooka na huku. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na sisi watu wa shamba hulifanya sana. Karatasi haitufikii mara nyingi, kwa hiyo ikitufikia tunadhani inaweza kila kitu.

Hukumu ilitoka mwezi wa pili. Ilikuwa na kurasa kumi na moja, na kila ukurasa ulimpa Erasto haki. Kiapo cha mkuki ni jambo la imani, na hakuna raia anayeweza kulazimishwa kukila. Kutengwa kwake ni kinyume cha Katiba. Hakuna mtu, wala baraza, wala kiongozi atakayemkataza mwingine kusema naye, kununua kwake, kumuuzia au kuhudhuria msiba wake. Mwenyekiti wa kijiji akaamriwa aisome hukumu hiyo mbele ya mkutano wa hadhara.

Mwenyekiti aliisoma yote, kurasa zote kumi na moja, juani. Mzee Nyamhanga alikaa mbele, mikono juu ya fimbo, akisikiliza kwa makini kama mtu anayesomewa wosia. Ilipokwisha alisimama.

"Tumesikia," alisema. "Serikali ni serikali. Kuanzia leo hakuna aliyetengwa. Atakayemkataza mwenzake kwenda kwa Erasto, mimi mwenyewe nitampeleka polisi."

Watu walipiga makofi. Erasto alirudi nyumbani anatembea upesi. Aliifunga hukumu katika mfuko wa nailoni, akaiweka ndani ya Biblia, akamwambia Eunice apike chai ya kutosha, kwa sababu watu watakuja.

Hakuja mtu. Kesho yake hakuja mtu, wala wiki iliyofuata. Hakuna aliyekatazwa. Kisimani wanawake waliendelea kuteka haraka, na Eunice alipomshika mmoja mkono akamuuliza kwani kuna nini tena, si hukumu imesomwa, yule mwanamke alimjibu kwa aibu, "Si nina haraka tu, Eunice." Fimbo ya mbali haiui nyoka. Na huyu hakuwa hata nyoka. Walikuwa watu wenye haraka.

"Sheria inachelewa," Erasto alisema. "Wape muda."

Bibi Ghati hakuwa na muda wa kuwapa. Alfajiri ya Ijumaa, mwezi wa nne, Eunice alimpelekea uji akamkuta amekwisha kwenda, macho wazi, uso umeelekea mlangoni.

Erasto alilia kama mtoto. Kisha akanawa uso na kufanya kila linalopaswa kufanywa na mwana. Alimtuma binti yake mkubwa, Ester, nyumba kwa nyumba kutoa taarifa. Alichinja beberu. Aliazima hema kwa Sadick kwa simu, likaletwa na kufungwa, viti hamsini chini yake. Eunice alipika ugali wa watu mia, kwa sababu mumewe alisema mia, na kwa sababu kupika kulikuwa bora kuliko kufikiri. Saa tatu ikapita. Saa sita ikapita. Wenye viti walikuwa wao watano, na watoto walichagua kukaa chini.

Mlio wa msiba ukitoka uani kwa mtu huku kwetu, hata adui yako anadondosha jembe na kuja. Eunice alitoka nje ya uzio akalia kwa sauti yote aliyokuwa nayo, akilitaja jina la mkwewe na majina ya mama zake. Aliona moshi ukipanda kutoka majiko ya majirani, na mtu mmoja mbali akiswaga mbuzi. Mtu yule alisimama, akavua kofia, akaivaa, akaendelea na mbuzi wake. Eunice alirudi ndani.

Saa kumi jioni Sadick alifika na wanaume wanne wa msikitini kwake. Walikuja na majembe, sururu na kitambaa cheupe kipya.

"Poleni sana," Sadick alisema, akatazama viti. "Ndugu yangu, maiti haisubiri. Tuonyesheni mahali, tuanze. Ndani ya saa mbili tutakuwa tumemaliza."

Erasto alimshika mkono kwa mikono miwili. "Mungu akubariki, ndugu yangu. Hapa, kando ya baba."

"Hapana," Eunice alisema.

Wanaume wote wakamgeukia.

"Alikataa kuchimbiwa na wageni. Nilimwahidi."

"Eunice, wageni gani? Hawa ndio waliokuja."

"Najua ndio waliokuja." Akamgeukia Sadick. "Shemeji Sadick, wema wako Mungu anauona. Lakini nilimpa neno mgonjwa, na sasa hawezi kunirudishia."

Sadick aliinamisha kichwa. Alijua neno la maiti ni nini, hata kwao lipo. Erasto naye alitazama jua. Lilikuwa linashuka, na likizama Sabato inaingia, na Sabato ikiingia Erasto hachimbi kaburi hata la mama yake. Akatoa uamuzi: Jumapili asubuhi mchungaji atakuja kutoka Mugumu na washiriki kadhaa, Sadick atarudi na vijana wake, na Bibi atazikwa. Ahadi hiyo, alisema, Mungu ataielewa. Alilisema bila ukali. Sadick aliacha majembe, akaahidi kurudi, akaondoka.

Eunice alikaa na maiti. Alimfunika, akamfunua, akamfunika tena. Jogoo walipoanza kuwika alijifunga kitenge kipya, akamwacha Ester pale kitandani, akatoka. Erasto alikuwa amepiga magoti sebuleni, Biblia wazi mbele yake, midomo inacheza. Hakugeuka.

Mzee Nyamhanga alikuwa zizini kwake, akimtazama mkewe akikamua. Eunice alipiga goti nje ya zizi.

"Shikamoo, tata."

Mzee alimsogeza ndama kando kwa fimbo. Kisha, labda kwa sababu ya umri, labda kwa sababu ya jaji, akaitika, "Marahaba. Pole kwa msiba."

"Msiba wako na wewe. Ghati alikuwa mtu wako. Kwa nini hamji?"

"Tumekatazwa kuwakataza watu," alisema Mzee Nyamhanga, "na sijamkataza mtu. Ile karatasi nimeiweka ndani, naiheshimu. Lakini nimesomewa yote, mwanangu. Kuna mahali imeandikwa tuje?"

Hapakuwa na mahali.

"Sisi tulioruka mkuki tumefungana," mzee aliendelea. Sasa alikuwa anaongea kama mtu aliyechoka, na Eunice akaona kwamba naye hakulala. "Nikichimba kaburi la nyumba isiyoapa, kiapo changu nimekikata. Watoto wangu watakufa. Wewe unaweza usiamini. Mumeo haamini, na jaji wake haamini, na hiyo ni haki yao, imeandikwa. Na mimi je, haki yangu ya kuamini imeandikwa wapi? Niliambiwa mumeo huko Musoma aliapa kwanza ndipo akasema. Ni kweli?"

"Aliapa. Kwa Biblia."

"Kumbe kuapa anajua," mzee alisema, bila kucheka.

Mke wa mzee aliacha kukamua. Kibuyu cha maziwa kilikuwa mkononi mwake, na macho yake yalikuwa kwa Eunice.

"Na mimi nikiruka?" Eunice aliuliza.

"Wewe una mume."

Hapo Eunice alimfikiria Bernadetha na gongo lake. Alifikiria pia miaka kumi na minne ya kulala kitanda kimoja na mtu ambaye hakuwahi kumwinulia mkono wala sauti, aliyembebea maji alipokuwa mjamzito huku wanaume wakimcheka, ambaye saa hii alikuwa amepiga magoti akimwomba Mungu awaguse majirani mioyo. Kisha akamfikiria Bibi Ghati, aliyekuwa ameanza kubadilika rangi.

"Na nisipokuwa naye?"

Mzee alitazama chini. "Mimi sijakwambia useme hivyo. Jaji asije akasikia kwamba Nyamhanga amekwambia."

"Hujaniambia."

"Ukishasema, ndivyo itakavyokuwa. Siyo ya leo tu. Siku ukimwitikia kama mume mbele ya watu, kiapo kimekufa, na sisi tutaondoka hata kama tuko katikati ya kazi."

"Leteni mkuki," Eunice alisema.

Waliitwa wazee watatu wa kushuhudia. Mkuki ulilazwa kwenye majani yenye umande. Eunice alitegemea kuona kitu cha kutisha, lakini kilikuwa chuma na mti tu, na chuma kilikuwa na kutu. Aliinua kitenge hadi magotini. Alisema hajui ng'ombe waliko wala aliyewachukua. Alisema nyumba yake haina mume. Aliruka, akatua vizuri, na hakuna kilichotokea, jua likaendelea kupanda. Ilikuwa Sabato. Alikuwa amesema uongo na kuapa kwa mizimu katika siku takatifu, naye alijua hata mchungaji akimsamehe, kwaya haitamrudia.

Alipofika nyumbani alirudi kukaa na maiti. Saa tatu watu walianza kuonekana njiani. Kwanza walikuwa vijana sita na majembe, kisha wanawake wamebeba kuni na maji, kisha Vincent mwenye ng'ombe, kisha Bernadetha na gongo lake akilia tangu mbali, kisha wengine, hadi njia ikajaa.

Erasto alitoka mlangoni. Eunice hakuwahi kumwona na uso ule, hata siku ya harusi yao.

"Umeona?" alimwambia. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nilikwambia sheria inachelewa tu. Umeona, Eunice?"

"Nimeona," alisema kwa sauti ya chini, kabla watu hawajafika karibu.

Alipaswa kumwambia. Alikuwa na hatua kama hamsini za kumwambia, watu wakiwa bado wanakuja, na akazitumia zote kumtazama akifurahi.

"Ni Sabato," Erasto alisema, akijipangusa. "Lakini siwezi kuwarudisha. Wamekuja wenyewe. Mungu mwenyewe ndiye amewaleta siku yake." Akawaendea mikono imenyooshwa. "Karibuni. Karibuni sana."

Walimpita. Hawakumsukuma wala kumkunjia uso. Walipita pembeni yake kama mtu anavyopita pembeni ya nguzo, wakaingia. Kijana mmoja alimwendea Eunice.

"Mama, tuchimbe wapi?"

"Pale, kando ya baba," Erasto akajibu.

Kijana akaendelea kumtazama Eunice. Eunice akanyoosha mkono, akaonyesha pale pale, kando ya baba, na kijana akaenda kuchimba.

"Wana aibu," Erasto alimnong'oneza. "Miaka miwili si mchezo. Wana aibu, maskini."

Alihangaika mchana kutwa. Alimletea Mzee Nyamhanga kiti chenye mgongo. Mzee akakaa kwenye gogo. Alisimama kando ya wachimbaji na jagi la maji na kikombe, na mmoja wao, jasho linamtiririka, akamwita Ester kutoka jikoni akamwomba maji. Ester alimtazama baba yake, akalitazama jagi, akaja kulichukua mkononi mwake. Erasto aliendelea kutabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeanza kumchosha, Eunice aliliona kutoka alipokuwa. Wanawake walikuwa wamemzunguka. Walimkumbatia, walimpangusa, walimwita kwa majina yote ya zamani. Mtu wa maneno na vicheko alikuwa amerudishiwa watu wake wote kwa siku moja, na alilia hadi koo likakauka, na nusu tu ya kilio hicho ilikuwa ya Bibi Ghati.

Bibi alizikwa vizuri. Alibebwa na watu wa rika la mwanawe, akashushwa taratibu, wazee wakasema maneno ya Kikurya ambayo hayasemwi na mgeni. Vijana wakaanza kufukia. Kaburi lilipofika nusu, Mzee Nyamhanga aliinua fimbo wasimame kidogo, akasimulia maisha ya marehemu, kama ilivyo desturi.

"Ghati alizaa watoto wanne," alisema. "Watatu walitangulia wakiwa wadogo. Wa nne naye hayupo. Ameacha mkwe mmoja, mjane, huyu Eunice mnayemwona, ambaye tunampa pole kwa yote. Na wajukuu watatu."

Wanawake walilia. Erasto alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, peke yake, kwa sababu kila aliposogea watu walisogea. Sheria haikuwa imevunjwa. Hakuna aliyemlazimisha kitu, hakuna aliyemfukuza, na imani yake alikuwa nayo yote, haijapungua hata punje. Aliwatazama watu mmoja mmoja, kama anayetafuta atakayecheka, kisha akamtazama mkewe. Alikuwa mzito wa miguu, hakuwa mzito wa akili.

"Eunice," alisema. "Mimi nimekufa lini?"

Majembe yalisimama hewani. Hakuna aliyegeuza kichwa upande wake, lakini watu wote waliacha kulia, na Mzee Nyamhanga alishika fimbo yake kwa mikono miwili akangoja. Neno moja lilitosha. Angesema "mume wangu", au angesema tu "Erasto", na vijana wale wangeweka majembe begani na kwenda zao, na Bibi Ghati angebaki amefunikwa nusu hadi wageni waje kesho kummalizia.

Alimpenda. Alimpenda pale pale, alipokuwa amesimama na mchanga kwenye viatu, kuliko siku yoyote katika miaka ile kumi na minne.

"Eunice," Erasto alisema tena, polepole.

Eunice aliinama, akachota udongo kwa mkono, akautupa kaburini.

"Fukieni," aliwaambia vijana, nao wakafukia.